Mguu Usio wa Kitengo

Kitengo cha Moyo kinautangazia umma, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba mashine yake ya kusaidia moyo baada ya upasuaji haijawahi kumletea mgonjwa tatizo lolote. Tangazo hilo ni la kweli tupu. Bomba la mashine huingizwa kwenye mshipa wa kinena, na kwa mujibu wa Mwongozo wa Mipaka ya Matibabu, Kitengo kinaishia kiunoni. Kinachotokea chini ya hapo, iwe ganzi au mguu mweusi, ni mambo ya jirani.

Aliyeuandika Mwongozo ni Mkuu wa Kitengo mwenyewe, mtu aliyejipenda bila mpinzani. Moyo wake ulipogoma, alipasuliwa na vijana aliowafundisha, tena vizuri. Ila moyo ulizinduka kivivu, wakamfunga mashine. Alipofumbua macho, Naibu wake na madaktari wote walikuwa wamezunguka kitanda wakitabasamu.

"Hongera, Mheshimiwa. Moyo unadunda kama wa kijana."

"Mguu wa kulia siusikii."

Tabasamu zilibaki palepale. Naibu akakohoa. "Mguu, Mheshimiwa?"

"Umekufa ganzi. Funueni shuka."

"Tungependa sana. Lakini Mwongozo unaturuhusu kufunua mpaka kiunoni tu."

Mkuu alitaka kufoka, akakumbuka anayestahili kufokewa ni nani. Siku alipokiandika kifungu kile alifurahi mpaka akajinunulia soda.

Dada yake mkubwa, aliyekaa kwenye kiti cha wageni, hakuwa ameusoma Mwongozo. Aliivuta shuka yote. Mguu ulikuwa umepauka, na ulikuwa wa baridi kama sakafu ya bafuni.

"Bomba limeziba njia ya damu," Mkuu alisema. "Mkichelewa mtaukata. Mwiteni Fundi Bomba!"

Hilo ndilo jina alilombandika daktari wa mishipa, baada ya kumhamishia ofisi nyuma ya chumba cha kufulia. Leo lilimtoka kwa sauti ya kuomba.

Daktari wa mishipa alikuja mbio, akatafuta mapigo mguuni, asiyapate. "Tuingie chumba cha upasuaji sasa hivi. Bomba litoke, na donge la damu litoke. Nani anatoa ruhusa?"

"Mgonjwa wetu haguswi na kitengo kingine bila idhini ya Mkuu," alisema Naibu, kwa masikitiko ya kikazi.

"Mkuu ni mimi! Nimeidhinisha!"

"Samahani, Mheshimiwa. Kwa kifungu chako mwenyewe, aliyelazwa haamui kitu."

"Basi idhinisha wewe!"

"Mimi ni naibu tu. Labda ujiuzulu."

Ni aibu kusema, lakini Mkuu alifikiri. Alikifikiria kiti chake cha ngozi kinachozunguka, na wanafunzi wanaosimama akiingia. Kisha akaufikiria mguu. Kwa muda mambo hayo mawili yalikwenda sare.

"Wewe!" dada alimfokea. "Unapima nini? Cheo ndicho kitakachokupeleka chooni?"

"Nimejiuzulu," alisema kwa sauti ndogo.

"Nimeidhinisha," alisema Naibu, hata kabla hajamaliza.

Bomba lilitolewa, na moyo, labda kwa woga, ukajitegemea. Donge nalo likatoka. Damu ilishuka mpaka kidole gumba, na jioni, vidole vilipochezacheza, mzee mzima alilia mbele ya watu, wala hakujali.

Miezi ikapita. Alirudi kazini kwa miguu yake yote miwili, akaugonga mlango ambao zamani alikuwa akiufungua tu. Naibu, ambaye sasa ni Mkuu, alikuwa akizunguka taratibu kwenye kiti cha ngozi.

"Karibu, mzee wangu! Kumbe unatembea vizuri hivi!"

"Namshukuru Mungu."

Alitazama huku na huku akitafuta pa kukaa. Hapakuwa na kiti kingine. Ni yeye aliyeagiza viondolewe, enzi zake, ili wanaoleta malalamiko wasikawie. Basi akasimama, mara kwa mguu huu, mara kwa ule, akingoja aruhusiwe kusema.