Mama Mkwe Ataingia kwa Moshi

Jumatatu, 3 Juni

Nimepewa sherehe ya mama mkwe. Nimepewa! Baada ya ile harusi ya binamu ya mke wangu, ambako njiwa niliowaachia walikataa kuruka wakatua kwenye sahani za meza kuu, ukoo mzima uliapa kwamba sitagusa shughuli yao tena. Leo wamelegeza. Mama mkwe anastaafu ualimu mkuu Ijumaa, sherehe ni Jumamosi, na mpangaji ni mimi.

Kuna sharti, bila shaka. Shemeji, kaka yake mke wangu, hafanyi jambo bila sharti. Ana duka la matairi, na kifua chake ni cha mtu anayebeba matairi. Alisema mbele ya wote kwamba hii nayo ikiharibika, naachana na biashara ya shughuli moja kwa moja, na Jumatatu ijayo niko dukani kwake nimevaa ovaroli. Mke wangu hakunitetea. Alikuwa anatazama kucha zake. Nikasema sawa, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi.

Baadaye jikoni mke wangu akaniita "mume wangu", kwa upole, nikajua pana jambo. Akasema mama yake hana makuu. Anataka watu wake wakae, wale, mtu mmoja aseme neno zuri, kisha waende nyumbani. Nikamwambia hiyo si sherehe, hicho ni chakula cha mchana. Mgeni haikumbuki shughuli iliyokwenda sawa. Anakumbuka ile iliyomsisimua mwili. Mke wangu akasema wale njiwa watu wanawakumbuka sana. Kuna watu huwezi kuzungumza nao mambo ya sanaa.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kumpeleleza mama mkwe, kwa kisingizio cha kumjulia hali. Shikamoo, marahaba, chai. Shabaha yangu ilikuwa kumpima urefu kwa macho, maana nimeshaamua: ataingia ukumbini kwa moshi. Taa zinazimwa, mlango unafunguliwa, wingu zito jeupe, na yeye anatokea katikati yake. Mashine nimeiazima kwa mpiga muziki.

Yeye alikuwa ananisimulia habari za shule. Miaka ya nyuma jiko la shule liliwaka moto. Akapuliza filimbi, akawatoa watoto wote nje, akawapanga mistari kwa madarasa, akahesabu, hakupungua hata mmoja. Tangu hapo kila muhula walifanya mazoezi. Filimbi ikilia, unaacha ulichoshika, unatoka bila kukimbia, unajipanga darasa lako, na hakuna kurudi ndani mpaka Mwalimu Mkuu ahesabu. Wanafunzi wake wote wana jambo hilo kwenye damu, alisema, hata waliozeeka. Filimbi yenyewe bado anatembea nayo mkobani. Akaitoa, akanionyesha.

Nikaisifu. Nilikuwa nawaza kama moshi umfike magotini au kifuani. Kifuani. Nimeamua.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya. Shemeji amemleta Mama Vitambaa ukumbini, eti anisaidie mapambo. Huyu mwanamke ukimwachia nafasi atakifunika hata choo kwa kitambaa cha rangi ya maziwa. Mji mzima unamsifu. Shughuli zake zinaanza kwa wakati, watu wanashiba, hakuna anayelia. Na hizo nazo mtu anajivunia!

Nilijua kilichomleta. Nikiteleza tu, kazi za ukoo zote ni zake.

Alitandaza vitambaa vyake darini, pale pale inapopita kamba yangu. Kamba ndiyo siri kubwa kuliko moshi. Nimeagiza keki yenye umbo la shule, ina madirisha, ina mlango, ina mlingoti na bendera. Wakati wa hotuba itashuka polepole kutoka juu hadi meza kuu. Kamba inapita kwenye boriti, mwisho wake uko chini ya jukwaa, na chini ya jukwaa niko mimi.

Mama Vitambaa akauliza kamba ni ya nini. Nikasema ni ya kuingiza hewa. Akasema tangu azaliwe hajaona kamba inayoingiza hewa, akashika mkasi wake unaoning'inia shingoni. Nikasimama kati yake na kamba. Tulitazamana hivyo mpaka akaitwa kupokea vitambaa vingine.

Alipoondoka nilijaribu kwa mfuko wa mchanga. Mara ya kwanza ulishuka vizuri sana. Mara ya pili vizuri. Mara ya tatu kamba ilikwama, nikavuta, ikaachia yote kwa mpigo, na meza kuu sasa ina shimo. Nimelifunika kwa kitambaa cha rangi ya maziwa. Lazima niseme ukweli, kitambaa kina faida zake.

Ijumaa, 7 Juni

Mke wangu ameikuta mashine ya moshi bafuni. Nilikuwa naijaribu. Swichi imeshika: ukiwasha, haizimiki mpaka uchomoe waya ukutani. Jirani alikuja kugonga akiwa na ndoo ya maji, mtu mwema sana.

Mke wangu hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliketi ukingoni mwa kitanda akasema mama yake amefundisha maisha yake yote, na kwamba tangu likizo ya shule ianze wiki hii anaamka mapema, anavaa, halafu anakaa tu sebuleni na mkoba mapajani. Akasema mama yake anaogopa kustaafu. Akanitaka niape kwamba kesho hakuna kitu kitakachoruka.

Niliapa bila kusita. Hakuna kitakachoruka. Keki inashuka.

Lakini usingizi hauji. Nimeiona ile ovaroli. Shemeji ameitundika nyuma ya mlango wa duka, imefuliwa, imepigwa pasi.

Jumamosi, 8 Juni, asubuhi

Keki imefika nzima, imepanda juu, imejificha ndani ya vitambaa, huwezi kujua. Mama Vitambaa ananizunguka. Shemeji amevaa suti nyeupe. Nimemwambia imempendeza, na ni kweli.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni

Naandika nikiwa nimefungiwa nje ya chumba chetu. Nitaeleza kwa utaratibu.

Wageni walijaa. Wote ni wanafunzi wake wa zamani na walimu wenzake, watu wazima wenye mvi na vyeo. Nikaingia chini ya jukwaa. Taa zikazimwa. Nikawasha mashine. Nikasikia mlango unafunguka, nikasubiri makofi.

Nikasikia filimbi.

Kisha viti, kisha miguu, mingi, ya haraka lakini si ya kukimbia. Kisha kimya. Nikasema moyoni, hapo sasa, wamepigwa na butwaa! Nikajipongeza. Nikasubiri muziki. Muziki haukuja. Moshi ndio uliokuja, maana mashine haikuzimika na waya niliusahau upande wa pili wa ukumbi. Nikakohoa. Nikatambaa nje kwenye giza jeupe. Nilipapasa viti, hakuna mtu. Nikaita, hakuna mtu. Niliogopa kweli kweli. Nilidhani nimewaua.

Mkono ukatokea ndani ya moshi ukanishika sikio.

Alikuwa mama mkwe. Alishahesabu nje, na mmoja alikuwa hajaonekana. Alinivuta hivyo hivyo kwa sikio hadi uani, na huko sitasahau nilichokiona. Ukumbi mzima ulikuwa umejipanga mistari kwa madarasa. Jaji alisimama nyuma ya fundi cherehani, kwa kuwa ndivyo walivyokuwa wakisimama utotoni. Daktari wa macho, mfupi, alikuwa mbele kabisa, mikono imenyooka. Mama Vitambaa alikuwa mstari wake, na mkasi wake shingoni, hapepesi jicho. Shemeji, aliyesoma kwa mama yake hapo hapo, alikuwa ameingiza tumbo ndani. Hakuna aliyekuwa amewaamuru. Filimbi ililia, miguu ikatii.

Mama mkwe akanisimamisha mwisho wa mstari wa darasa la kwanza. Akasema, "Sasa tumetimia."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye akaanza kupita mistari, kichwani mwake kila jina lipo, huyu mwizi wa chaki, huyu alilia siku nzima alipoletwa na mama yake. Jaji alikaripiwa kwa kuchomekea shati vibaya, akalichomekea upya. Mama mkwe alikuwa anafuta machozi kwa kiganja. Mke wangu alikuja akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajalifanya tangu njiwa. Jaji akaniomba nimpangie harusi ya binti yake. Na shemeji, shemeji mwenyewe, akaninong'oneza kwamba ile ovaroli atampa mtu mwingine.

Nilikuwa nimeokoka. Najua hilo sasa. Hata pale nilijua kidogo.

Lakini hakuna hata kimoja katika hayo kilichokuwa changu! Mwalimu alitakiwa aingie, yeye alitoka. Na keki nzuri vile, inaning'inia peke yake gizani. Nikatangaza turudi ndani. Mke wangu akanivuta shati akasema, "Iache huko huko juu. Nakuomba, iache." Nikamwambia ni jambo dogo tu.

Waya ukachomolewa, moshi ukapungua, watu wakaketi. Shemeji akashika kipaza sauti akasimama penye meza kuu. Mimi nikarudi chini ya jukwaa. Nilimsikia akisema kwamba alinihukumu vibaya. Kwamba mimi ni ndugu, si shemeji tu. Kwamba mama yao hajacheka namna ile tangu baba yao alipofariki. Machozi yalinitoka. Nikaona saa ndiyo hii, haitapatikana nyingine. Nikalegeza kamba.

Ikakwama. Nikavuta.

Shule ilimshukia shemeji kichwani na mabegani, madirisha yote, bendera ikamkalia sikio.

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe alimtazama mwanawe. Akaitazama kamba, akaifuata kwa macho hadi ilipoishia. Kisha akasema, kwa sauti ya siku ya mwisho wa muhula, kwamba shule imefungwa na kila mtu aende nyumbani.

Wakasimama, wakarudisha viti, wakatoka mstari mmoja mmoja. Chakula hakikuguswa.

Jumapili, 9 Juni

Tumekula chakula cha jana, asubuhi, mchana na jioni. Hakuna anayenisemesha.

Alasiri mke wangu akaja kukaa karibu nami. Hakuwa na hasira, amechoka tu. Akasema pale uani mama yake alipata shule yake yote tena, mpaka wale ambao hakutarajia kuwaona, na alikuwa na furaha hata hakukumbuka kwamba anastaafu. Akasema, "Ulikuwa umempa, halafu ukamnyang'anya. Kwa ajili ya keki."

Nilimsikia. Iliniuma, naandika wazi kwamba iliniuma, na nilikosa pa kuweka uso. Nikaenda kumwomba radhi mama mkwe. Alinipa chai, akasema yameisha, mwanangu. Alikuwa amekaa sebuleni na mkoba mapajani. Jaji amepiga simu. Harusi ya binti yake amempa Mama Vitambaa.

Nimekaa nikatafakari makosa yangu kwa kina. Nimeona kosa. Kamba ilikuwa nyembamba.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeripoti dukani. Ovaroli inanibana kwapani. Shemeji bado ana krimu ndani ya sikio na hataki kuzungumzia. Amenionyesha ufagio, amenionyesha sakafu, akaniambia nisiguse kitu kingine chochote. Sikugusa mpaka mchana.

Duka hili lina huzuni. Mteja anakuja, anafungiwa tairi, anaondoka. Hakuna anachokumbuka. Kesho kutwa shemeji anasafiri kufuata mzigo, na funguo ataniachia mimi kwa kuwa hana mwingine. Nimemwomba mama mkwe aje siku hiyo kuwa mgeni rasmi wa sherehe ya duka, nikamwambia ni jambo dogo la kifamilia, akasema atakuja, angalau apate pa kwenda. Mama Vitambaa sitamwalika.

Mbele ya duka kuna mteremko mrefu, umenyooka mpaka barabarani. Nimeujaribu kwa tairi dogo la gari la kawaida. Lilikwenda kwa kasi ya kupendeza. Yale ya lori yako nyuma, mapya, meusi, yamepangwa vizuri. Nitayaachia yote kwa pamoja.

Wageni watasimama chini.