Kombe la Uungwana Lazima Lije Nyumbani

Jumatatu, 6 Mei

Habari kubwa! Kombe jipya! Mama Mwenyekiti wa chama chetu cha wafuga mbwa ametangaza kwamba maonyesho ya Jumamosi yatakuwa na zawadi ya ziada. Huyu mama ni mwalimu mkuu mstaafu. Akikohoa tu, watu wazima wanachomekea mashati. Zawadi yenyewe ni Kombe la Uungwana. Litakwenda kwa mshiriki mwenye adabu kuliko wote, ndani na nje ya duara la kamba wanamokaguliwa mbwa.

Alipolisema hilo aliniangalia mimi. Wote waliniangalia mimi. Hata mbwa.

Ni mambo ya mwaka jana hayo. Sitaki kuyazungumzia. Nilimwuliza jaji kama ana macho, basi. Swali la kawaida. Alimweka mbwa wangu Kamanda wa mwisho, nyuma ya mbwa aliyesinzia wakati wa kukaguliwa! Nikapewa onyo: nikirudia, mimi na Kamanda tunafutwa uanachama.

Lakini nimepiga hesabu zangu. Kwa uzuri, Kamanda hamwezi Lulu, mbwa wa Fundi Miwani. Naandika hapa tu. Nje ya hapa nitakana. Lulu ana manyoya kama hariri na anatembea kama bibi harusi. Kamanda sikio moja limesimama, jingine limekata tamaa. Ila uungwana! Uungwana hauhitaji masikio. Ni kazi ya mdomo na mikono, na mimi ni kinyozi. Mdomo na mikono ndivyo vinavyonilisha.

Mke wangu aliposikia alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Halafu akaacha kucheka. Akasema nikimwaibisha tena mbele ya watu, yeye na Kamanda watahamia kwa mama yake, na mimi nitabaki na shemeji. Shemeji ni mdogo wake wa kiume. Alikuja kututembelea wakati wa mvua. Mvua imekwisha, yeye bado yuko kwenye kochi.

Tishio zito.

Jumanne, 7 Mei

Nimeanza mazoezi dukani. Kila mteja nikimaliza kumnyoa nampa mkono na kumwambia, "Hongera sana, umestahili." Wa kwanza alifurahi. Wa pili akajishika kisogo, akauliza nimemfanya nini, akataka kioo cha nyuma. Wa tatu ni mzee wa jirani mwenye upara. Amesema kama ni kejeli nimwambie wazi, ahamie kwa kinyozi mwingine.

Tatizo ni uso. Mdomo unasema hongera, macho yanasema mwizi wee. Nimejitazama kwenye kioo kikubwa. Nafanana na mtu aliyemeza kifuniko cha chupa. Nimejaribu kufumba jicho moja. Mbaya zaidi!

Duka la Fundi Miwani liko ng'ambo ya barabara, linatazamana na langu. Aliniona natabasamu peke yangu. Akavuka kuja kuniuliza kama niko salama! Akasema pia kwamba miwani ya shemeji, ile aliyoikalia kwenye kochi, haitakuwa tayari kabla ya Jumamosi, kioo kimoja kimechelewa kufika. Aliomba radhi sana. Kisha akatoa mfukoni brashi mpya ya manyoya. Zawadi ya Kamanda, eti.

Mjanja mkubwa! Analinyemelea kombe langu. Ana rafu nzima ya makombe pale dukani, nyuma ya miwani ya jua, na bado hajashiba.

Nimempelekea taulo la Lulu. Kubwa kuliko brashi.

Kabla sijafunga duka akaleta sabuni. Basi, vita imeanza.

Alhamisi, 9 Mei

Mazoezi ya chama uwanjani. Mama Mwenyekiti alitukumbusha taratibu. Usimbane mbwa aliye mbele yako. Usiingie na chakula cha kuwatamanisha mbwa wa wenzako. Usimsemeshe jaji mpaka akusemeshe. Mwenzako akishinda, piga makofi. Nilitikisa kichwa kukubali kila neno. Nilitikisa kwa moyo wote. Mtu wa nyuma yangu akaniuliza kama shingo inanisumbua.

Ikaja zamu ya kuingia duarani. Nikasimama kwenye mwanya wa kamba, nikawapisha wote. Tangulia, mama. Karibu, mzee. Tafadhali, dada, wewe kwanza. Alipofika Fundi Miwani akasema hapana, nitangulie mimi. Nikasema haiwezekani. Akasema hata kwake haiwezekani. Nikamsukuma kwa upole. Kidogo tu! Aliingia haraka kuliko alivyopanga. Msimamizi akafunga kamba, na mimi niko nje. Mazoezi yote nimeyafanya nikiwa mtazamaji.

Sikukata tamaa. Kama ni utazamaji, nitakuwa mtazamaji muungwana. Nikapiga makofi. Nilimpigia kila mbwa, akitembea, akisimama, akijikuna. Lulu alipofunuliwa mdomo akaguliwe meno, nikapiga makofi ya nguvu na "Hongera!" juu yake. Lulu akashtuka, akachomoka na kamba yake, akatimua mbio. Kamanda akamfuata. Mbwa wengine wakaona kumbe kuna sherehe. Msimamizi aliangushwa mara mbili.

Mama Mwenyekiti akanivuta pembeni. Akaniambia, kwa sauti ileile ya ofisini kwake ya zamani, kwamba makofi nayo yana wakati wake.

Na Fundi Miwani? Anahema, vumbi mpaka kwenye nyusi, halafu anasema si kitu, mbwa walihitaji kunyoosha miguu. Watu wakanong'onezana: mwone muungwana yule!

Nimerudi nyumbani nimenuna. Hii njia ndefu hainifai. Natafuta ya mkato.

Ijumaa, 10 Mei

Nimepata! Nimepata!

Uungwana hauonekani mpaka mtu akukosee. Nani anamtazama mtu aliyetulia? Kwa hiyo nahitaji kutukanwa. Hadharani, kwa sauti, bila sababu. Halafu nisamehe.

Shemeji ndiye atakayenitukana. Nimemweleza mpango akiwa amejinyoosha kochini. Atasimama nje ya kamba kama mtu asiyenijua. Nikivua kofia, aanze. Aseme mbwa wangu mbaya na mimi mwenyewe sifai. Mimi nitageuka polepole, niweke mkono kifuani, niseme, "Ndugu yangu, nimekusamehe." Mama Mwenyekiti afute machozi. Kombe lije nyumbani.

Shemeji akauliza matusi yawe mazito au mepesi. Nikasema ya wastani. Akauliza kama anaweza kugusia ile tabia yangu ya kumzimia televisheni. Nikamkataza: mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Nikamwambia ajaribu kidogo nimsikie. Lo! Hakuhangaika kutafuta maneno hata kidogo. Kumbe mwenzangu alikuwa nayo siku zote! Mke wangu akachungulia kutoka jikoni kuuliza kuna nini. Tukasema tunazungumzia mpira.

Bila miwani shemeji anaona ukungu tu. Nimemwambia asijali uso wangu. Atafute kofia ya bluu. Uwanja mzima ni mimi peke yangu mwenye kofia ya bluu.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika nikiwa kitandani na viatu.

Ilianza vizuri. Niliingia duarani bila kumsukuma mtu. Nikaacha nafasi ya kutosha kati ya Kamanda na Lulu aliyekuwa mbele yetu. Kamanda alitembea kama askari wa gwaride. Hata lile sikio lilisimama! Jaji alikuwa mzee mrefu, mkimya, mgeni kabisa kwetu. Alivaa suti nzuri. Na kofia. Ya bluu.

Mimi nilikuwa nalitazama sikio la Kamanda.

Jaji akainama kumkagua Lulu. Jua lilikuwa kali. Akavua kofia ajifute jasho.

"Wewe!" Sauti ikatoka nyuma ya kamba. "Wewe mwenye kofia! Huna haya?"

Nikamtikisia shemeji kichwa. Hakuona. Nikampungia mkono. Hakuona. Nikavua kofia yangu nimpungie kwa nguvu. Kosa! Akaona kitu cha bluu kinapepea, akadhani namwambia aongeze.

"Hujui lolote kuhusu mbwa! Kazi yako kukwangua vichwa vya watu na kuwaachia matuta! Mbwa wako ana sura ya kiatu kilichonyeshewa! Na televisheni ni ya dada yangu, si yako!"

Jaji akageuka, kofia mkononi. Akamwuliza msimamizi, kwa upole kabisa, mbwa wake ni yupi, na televisheni ni ipi.

Mama Mwenyekiti akaja. Sijawahi kumwona akitembea kasi vile. Akauliza nani anamjua huyu bwana. Nikauona uanachama unakwenda. Nikamwona Kamanda anapanda gari kwenda kwa mama mkwe. Nikasema simjui. Nikasema sijawahi kumwona maishani. Nikaongeza kwamba huenda amelewa.

Hapohapo Kamanda akaniponyoka. Akaruka kamba, akamwangusha shemeji chali kwenye nyasi, akaanza kumlamba uso wote, mkia unazunguka kama feni. Shemeji chini anacheka, "Kamanda, acha! Acha, Kamanda, baba, unanitekenya!"

Sikuwa na pa kutazama. Mke wangu alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa amejifunika uso kwa mkoba, mabega yanatikisika, na sikujua analia au anacheka. Mama Mwenyekiti akavuta pumzi ndefu, akafungua mdomo.

Ndipo Fundi Miwani akamkabidhi jirani yake kamba ya Lulu. Katikati ya ukaguzi! Hakuna mwenye akili timamu anayemwacha mbwa wake wakati ule. Akaenda mbele.

"Samahani, mama," akasema. "Huyu bwana ni mteja wangu. Miwani yake iko dukani kwangu, nimemchelewesha mimi. Haoni. Amemfananisha jaji na mtu wao wa nyumbani. Lawama nipe mimi."

Kisha akanitazama. Hakuongeza neno. Angeweza kuongeza. Mimi ningeongeza.

Jaji akacheka. Alicheka mpaka akalazimika kuivaa kofia ili apate mikono ya kushika tumbo. Akasema siku zote ametukanwa na watu wanaoona vizuri kabisa. Afadhali huyu ana sababu. Shemeji akaambiwa aombe radhi. Akaiomba nguzo ya hema, akamwomba msimamizi, mwishowe akamfikia jaji.

Matokeo. Lulu wa pili! Tangu nimfahamu hajawahi kushindwa. Mikononi mwa mtu mwingine aligoma kusimama, akawa anamtafuta bwana wake kwa macho. Kamanda wa nne. Hakuwa wa mwisho! Kuna mbwa wawili nyuma yake, wazima, hawajalala.

Na Kombe la Uungwana likaenda kwa Fundi Miwani. Uwanja mzima ulisimama. Mama Mwenyekiti aliniinamia sikioni kuniambia kwamba mimi nimebaki chamani kwa heshima ya yule pale, na nisijidanganye kwamba kuna sababu nyingine.

Nikahisi kidole mgongoni. Mke wangu. Alinielekeza kwa kidevu.

Nikaenda. Nikampa Fundi Miwani mkono, nikasema hongera, umestahili. Sijui nini kilitokea, uso haukugoma. Alinishika kwa mikono yote miwili, akasema leo Kamanda ametembea vizuri kuliko mbwa wote, na kwamba alikuwa akimtazama tangu mwanzo. Mtu aliyepoteza nafasi ya kwanza kwa ajili yangu! Nilitaka kumwambia jambo la maana.

Nikamwambia lile taulo linafuliwa kwa maji baridi.

Jumapili, 12 Mei

Nimelala vizuri. Nimeamka mtu mwingine.

Nimetafakari asubuhi yote huku nampiga Kamanda brashi. Fundi Miwani amenifundisha jambo, na sitalisahau. Nilikuwa nimekosea kabisa! Muungwana siye anayetukanwa akasamehe. Muungwana ni yule anayemwokoa mwenzake aliyeaibika mbele za watu. Mpango wangu ulikuwa mzuri. Mimi ndiye niliyekuwa nimejiweka upande wa hasara.

Mke wangu alinikuta na machozi machoni. Akasema safari hii anaona nimekua. Akanikaangia mayai, akamkaangia na Kamanda.

Sasa basi. Mama Mwenyekiti hupita mbele ya duka langu kila Jumatatu akienda sokoni. Apite kesho, amkute mtu katika hali mbaya. Mimi nitoke mbio na taulo jeupe, nimwinue, nimpanguse vumbi, niseme lawama nipe mimi. Nimeshaegemeza ngazi ukutani, chini ya kibao cha duka. Ni imara, nimeilegeza sehemu ndogo tu.

Shemeji amekubali kuanguka. Anauliza tu aangukie upande gani.