Volga Nyeupe Yapanda Abano

Jumapili, 1 Juni

Theluji imeondolewa barabarani. Abano, njia ya kupanda milimani, imefunguliwa! Kijiji kizima cha Alvani leo kinatazama juu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Mimi nimesimama uani na kikombe cha kahawa mpaka kikapoa. Milima ile! Kila mwaka najiambia nimeizoea, na kila mwaka inanifunga mdomo.

Gari langu halitazami popote. Ni Vilisi, gari la kijeshi la Kirusi aliloniachia marehemu baba. Injini ilikufa msimu wa kuvuna zabibu. Niliiendesha bila maji kwenye rejeta, nikijaribu nadharia fulani. Nadharia ilikuwa na kasoro.

Jumber, kaka wa mke wangu, amepita na basi lake dogo la Kijapani, limejaa watalii wa Kipolandi. Akapunguza mwendo makusudi. "Gaioz, shemeji! Tukuletee nini kutoka juu? Jibini, au picha ya barabara, usije ukaisahau?" Wapolandi wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Nunu, mke wangu, akasema nimpuuze, kaka yake alizaliwa hivyo. Kisha akaongeza kwamba yeye ataenda Omalo, kijiji chetu cha juu, na Jumber Jumamosi ya tarehe 14. Hata mimi nafasi ninayo, nyuma, juu ya mizigo. Mimi! Mtu halisi wa Tusheti, wa milimani! Niingie kijiji cha babu zangu nimekalia mabegi ya Wapolandi!

Kamwe. Mpango ninao. Nitanunua gari kuukuu la kuchinja. Nitalitoa injini na giaboksi, niviingize kwenye Vilisi. Nimempigia Fundi Otia simu. Amesema itaingia. Sikuwa hata nimemwambia ni gari gani.

Jumanne, 3 Juni

Nimeliona.

Ni Volga nyeupe. Iko kijiji cha jirani, kwa mjane mmoja aitwaye Bibi Maro. Marehemu mumewe, Levan, alikuwa akiitumia kubebea maharusi. Bibi akavuta turubai mwenyewe. Ee Mungu! Weupe ule! Bampa linang'aa kama vijiko vya sikukuu. Nilivua kofia, na sijui niliivua saa ngapi.

Nikafungua boneti, nikachungulia chini, nikapima kwa mkanda. Bibi akaniuliza gari la nini. Nikasema la familia. Akauliza mbona sijafungua mlango hata mmoja. Nikafungua mlango.

Akasema anauza kwa sharti. Volga haijawahi kupanda Abano, maana marehemu aliogopa kuikwaruza. Mnunuzi lazima aipandishe, na safari ya kwanza lazima ambebe yeye na mzigo wake. Anataka kuiona tena nyumba ya Omalo alikopelekwa akiwa bibi harusi. Nikaweka mkono kifuani, nikaapa kwamba kila kilicho hai ndani ya gari hili kitafika Omalo. Injini ndiyo uhai wa gari. Bodi ni nguo tu. Kwa hiyo sikusema uongo! Akili yangu wakati mwingine inanishangaza mwenyewe.

Bibi akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akapunguza bei bila kuombwa. Hapo niliogopa kidogo.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeiendesha Volga mpaka nyumbani. Inakwenda! Injini inagonga, kang, kang, kang, lakini inakwenda kama meli. Nunu akaingia kiti cha nyuma, akapanga sketi yake, akasema nimzungushe. Nikamzungusha. Wanawake wa dukani wakasimama. Nunu akapunga mkono polepole, kama mke wa waziri. Kisha akaniuliza kwa sauti laini kama ni lazima kulichinja.

Nikamweleza kwamba Volga haiwezi mlima, iko chini mno. Akashuka, akaufunga mlango taratibu sana. Afadhali angeubamiza.

Mchana Otia akaja na winchi ya mnyororo. Asubuhi nilikuwa na gari moja linalokwenda na moja lisilokwenda. Kufikia saa kumi nilikuwa na mawili yasiyokwenda.

Lakini injini ile! Ilipanda kutoka kwenye boneti, ikabaki inaning'inia, ikijizungusha pole pole, mafuta yakidondoka. Kitu kizito kiasi kile, hewani, katika ua wangu! Majirani waliokuja kucheka hawakucheka. Mmoja akafanya ishara ya msalaba. Na mimi nikafanya.

Jumamosi, 7 Juni

Imeingia! Injini na giaboksi, vyote ndani ya Vilisi. Otia akachomelea hapa, akakata pale, akagonga kwa nyundo mahali ambapo sikutaka kutazama. Imekaa kana kwamba ilizaliwa humo.

Halafu nikauliza ile fimbo ya kupeleka nguvu magurudumu ya mbele inakaa wapi. Otia akajikuna. Akasema giaboksi la Volga linapeleka nguvu nyuma tu. Mbele, hakuna.

Hakuna! Vilisi bila nguvu ya mbele, kwenye Abano! Nikamuuliza kwa ukali mbona alisema itaingia. Akajibu, "Gaioz, kaka, uliniuliza kama itaingia. Hukuniuliza kama itafaa."

Akashauri turudishe giaboksi la zamani. Wazo zuri. Ila jana nililibadilisha kwa kondoo dume, kusherehekea mapema. Giaboksi liko kwa mchungaji, mchungaji yuko mlimani. Kondoo tumemla, na sehemu kubwa ameila Otia.

Jumatano, 11 Juni

Injini imewaka. Mlio wake umepita mwilini mwangu kutoka nyayo hadi utosi. Nilikaa nyuma ya usukani, yakanilenga haya machozi ya kijinga. Baba angekuwepo!

Tatizo ni kugonga. Kang, kang, kang. Nimebadilisha oili. Nimekaza kila kinachokazika. Otia amesikiliza kwa bisibisi iliyobanwa sikioni, akasema ni kawaida. Jumber akaja akaegemea lango, naye akasikiliza. "Shemeji, mfungulie huyo mtu. Anabisha hodi."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia Jumamosi nitafika Omalo jua likiwa juu, tena mbele yake. Akasema nikifika atanibebea mizigo mlangoni, kofia mkononi, mbele ya watu wote. Nisipofika, Vilisi litakuwa banda la kuku, nami nitampakilia mabegi ya watalii majira yote ya joto. Tukashikana mikono. Nunu alikuwa akimenya viazi. Hakuinua uso, ila kisu kilisimama.

Ijumaa, 13 Juni

Bibi Maro amewasili. Na mzigo wake.

Ni jiko. Jiko la kuni la chuma cha kalibu, lenye miguu ya simba. Limeletwa kwa trekta. Tulilishusha wanaume wanne, na mmoja sasa hawezi kunyooka.

Nikamwomba apumzike ndani, nikitaka apite upande wa pili wa nyumba. Akapita upande huu. Akaiona Volga yake imekaa juu ya magogo, boneti wazi, tumbo tupu. Nikaanza kumweleza habari ya uhai na nguo. Nilieleza vizuri kabisa, hata mimi nikaguswa.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mwanangu, mtu asiyefungua mlango hata mmoja hajaja kununua gari. Nilijua siku ile ile." Nikamuuliza basi kwa nini aliniuzia. Akasema amewaomba madereva wote wa Alvani wampandishe na jiko lake. Jumber alimwambia abebe jiko au abebe roho, vyote viwili haviwezekani. Ni mimi peke yangu niliyekubali bila hata kuuliza mzigo ni nini.

Akaniambia niwashe. Nikawasha kwa aibu. Kang, kang, kang. Otia akatazama viatu vyake. Bibi Maro akaweka kiganja juu ya boneti la Vilisi, akafumba macho.

Akasema, "Ndiyo. Ndiye yeye." Marehemu Levan alihangaika na mlio huo wa kugonga maisha yake yote, akashindwa. Alikuwa akimwambia mkewe kwamba siku ukinyamaza ndipo waogope.

Nikaiacha injini igonge, nikavua kofia. Mimi!

Jumamosi, 14 Juni. Omalo

Tumefika. Naandika nikiwa nimekaa juu ya jiwe, maana kila kiti kinaonekana bado kinatembea.

Asubuhi Jumber alikuja kumchukua Nunu. Nunu akatoka na begi, akalipita basi la Kijapani, akaja kulirusha ndani ya Vilisi. Akamwambia kaka yake kwamba mume wake ni mpumbavu, lakini ni mpumbavu wake, na kama ni kuanguka gengeni basi aanguke akimwambia hivyo. Sijawahi kuambiwa neno tamu kama hilo.

Jiko nililipakia karibu na viti vya mbele, kwa mahesabu yangu mwenyewe. Tukapanda. Maporomoko ya maji yanamwagikia barabarani. Kuta za theluji zinapita urefu wa gari. Kando ya njia, misalaba na picha za walioteleza, na chupa ndogo za chacha, pombe kali ya zabibu, za kunywa kwa kuwakumbuka. Ukitazama chini unaona mto kama uzi. Nilitazama mara moja tu. Injini inagonga, Bibi Maro anatikisa kichwa kwa kuufuata mlio, kama mtu kanisani.

Kwenye kona moja ya juu, matope. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure. Vilisi likasimama. Kisha likaanza kurudi nyuma, taratibu, kuelekea kule ambako hakuna kitu. Nunu akaniita kwa jina langu la ubatizo. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Tukasimama. Nyuma yetu basi la Jumber, honi, na Wapolandi wakipiga picha.

Bibi Maro akauliza kwa utulivu, "Nani amepanda na nyama ya nguruwe?"

Kila mtoto anajua nguruwe hapandi Tusheti. Milima haimtaki. Mimi nilikuwa na soseji mfukoni. Ndogo! Ya njiani! Nilidhani kipande kidogo hakihesabiwi. Nikaitoa. Nunu akanitazama taratibu, kama alivyoufunga mlango wa Volga. Bibi akainyakua, akaitupa gengeni, na kunguru wawili wakaishukia.

Halafu akaamuru jiko lisukumwe hadi nyuma kabisa. Jumber na Wapolandi wenye nguvu wakaja kusukuma. Bibi akapanda, akaketi juu ya jiko, mikono magotini. "Haya, endesha." Nikaachia klachi. Magurudumu yakauma ardhi! Kang, kang, kang, tukapanda kona ile na nyingine, na nyingine, mpaka barabara ikakosa pa kupanda tena.

Kileleni nilizima injini. Mawingu yalikuwa chini yetu. Chini! Vilele vimetokeza kama visiwa, vyeupe, mpaka mwisho wa macho. Wapolandi walisahau kamera zao. Hata Jumber alishuka akasimama karibu yangu, bega kwa bega, na sikukumbuka kwamba simpendi. Bibi Maro alibaki juu ya jiko lake. Akaita "Levan," mara moja tu, kwa sauti ya kumwita mtu aje kula.

Omalo tuliingia jua likiwa juu. Jumber alitimiza neno. Kofia mkononi, akabeba jiko na wenzake hadi nyumbani kwa Bibi, akisaga meno, lakini akabeba. Alasiri moshi ukatoka kwenye bomba ambalo halijatoa moshi miaka mingi. Wazee wa jirani wakatoka nje kutazama. Nami nikatazama mpaka shingo ikauma.

Kwa kumbukumbu: ushindi huu umetokana na mgawanyo wa uzito, ambao ni mahesabu yangu. Habari ya soseji haina uthibitisho.

Jumapili, 15 Juni

Nunu ameniomba jambo moja tu: nipumzike. Nimemwahidi. Nikatoka kutembea kidogo malishoni, kupumzika.

Kuna helikopta!

Imelala nyuma ya kilima, kuukuu, ya zamani za Kisovieti, mapanga yameinamia majani. Ng'ombe wamejilaza kivulini mwake. Nilisimama. Nilivua kofia. Nikapanda, nikachungulia juu ya mgongo wake. Injini MBILI! Kubwa kama ng'ombe wenyewe! Kitu kilichowahi kuivuka milima hii bila barabara, bila kona, bila matope! Nilipapasa chuma chake. Kutu ni kidogo sana, kwa anayetaka kuona vizuri. Moja tu ingetosha. Nimepima kwa mkanda. Boneti la Vilisi itabidi tulikate, na viti vya mbele, na labda paa.

Mchungaji aliyekuwa hapo anasema helikopta si yake, na wala hajui ni ya nani. Tumepatana vizuri. Nimemwachia saa yangu ya mkononi iwe arubuni.