Askari wa Koki

Jumamosi, 3 Machi

Koki ya sufuria imeziba tena! Sufuria imejaa bia changa, moto nimeshauzima, dumu la kuchachushia liko tayari, na kinachotoka ni tone moja linalositasita. Adui ni yuleyule: hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu. Yakishachemka hugeuka machicha, na machicha yote hukimbilia kwenye koki kama wafanyakazi saa ya kutoka kazini.

Nikapuliza kwa mdomo. Nikaungua midomo. Nikachukua pampu ya baiskeli. Koki ilizibuka, sikatai, ila kila kitu kilipaa juu. Dari ya jikoni sasa ni ya kijani.

Mke wangu alisimama mlangoni akitazama dari. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ninaouogopa, kwamba mwezi ukiisha vyombo vyangu vyote viwe vimetoka jikoni kwake. Nikamuuliza viende wapi. Akasema dunia ni pana.

Jumapili, 4 Machi

Mungu hamtupi mja wake! Tumekula mchana ukweni. Baba mkwe, mkaguzi wa lifti, anastaafu mwisho wa mwezi. Kwenye sherehe anataka bia iliyopikwa na mtu wa familia, ya aina moja tu, maana hataki wageni wachanganyikiwe. Ataonja mwenyewe siku hiyo asubuhi. Atakayeshinda atapewa ufunguo wa chumba cha uani, apikie humo bia zake maisha yake yote. Chumba chenye bomba la maji na sakafu ya saruji! Mimi ni fundi wa kuchonga funguo. Ufunguo ule ningeuchonga hata nimefumba macho. Lakini ukweni kuna heshima.

Mshindani ni mmoja: shemeji, kaka wa mke wangu. Ni mfamasia. Tunamwita Kipimo kwa sababu hata chumvi ya kutia kwenye yai anaipima. Baada ya kula alinivuta pembeni kunishauri. Eti nikizima moto, niikoroge bia kwa nguvu kuelekea upande mmoja, kisha niiache itulie nusu saa. Machicha yatajikusanya katikati, na koki iliyo ubavuni itabaki wazi. Nikamshukuru kwa sauti ya msibani. Nusu saa nimekaa kutazama sufuria! Anataka nichelewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 6 Machi

Nimetia hopsi ndani ya soksi ndefu ya mke wangu, ile nyembamba anayovaa akienda kazini. Machicha yabaki ndani, bia ibaki nje. Akili hiyo! Nikajaribu kwa maji matupu. Soksi ikavimba, ikanenepa, ikaenda kukalia koki kama kuku anayeatamia. Hata tone.

Jioni mke wangu akauliza soksi yake iko wapi. Nikaapa sijaiona. Kumbe ilikuwa inaning'inia kambani nyuma yangu, mguu mmoja wa kijani, ikinidondoshea maji begani. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikaenda kubadili shati, kwa sababu begani nilikuwa nimelowa.

Alhamisi, 8 Machi

Nimepata! Nilikuwa dukani nachonga ufunguo wa mteja. Vumbi la shaba likaangukia waya wa kusugulia sufuria uliokuwa mezani. Likanasa lote! Nikaacha ufunguo nusu, nikakimbia kununua waya mpya. Mteja alifoka. Watu hawaijali sayansi.

Mpango ni huu: waya naukunja, nauchomeka ndani ya sufuria, kwenye tundu la koki. Bia inapita, machicha yanakamatwa. Nimeupa jina Askari.

Wakati wa kurudi nilichungulia dirishani kwa shemeji. Alikuwa anapima joto la maji, anaandika, anapima tena. Nilimwonea huruma, kidogo.

Jumamosi, 10 Machi

Siku ya vita. Nimechemsha kimea, nimetia hopsi, nimezima moto. Askari yuko kwenye zamu yake. Nikafungua koki kwa mbwembwe, hata mke wangu nilimwita aje ashuhudie.

Matone mawili. Kisha kimya.

Hasira zikanipanda! Nikashika mwiko, nikaikoroga bia hiyo kuzunguka na kuzunguka, huku naitukana pamoja na ukoo wake wote. Nilikuwa bado nakoroga mlango ulipogongwa. Jirani wa ghorofa ya juu amejifungia nje, chungu chake kiko motoni ndani. Nikatupa mwiko, nikabeba vifaa, nikapanda. Kitasa kile kilikuwa kichwa ngumu kuliko mwenyewe. Nilipomaliza chungu kilikuwa kimeshaungua, na bia yangu imepoa kabisa.

Nikafungua koki bila matumaini. Ikatiririka! Safi, ya dhahabu, bila hata chicha moja. Dumu likajaa lote. Nilipiga kelele mpaka jirani akashuka kuuliza kama na mimi nimeunguza kitu.

Chini ya sufuria nikakuta machicha yamejilundika katikati. Na Askari? Hakuwa kwenye koki. Alikuwa kwenye lundo, kalala juu yake. Yaani aliacha zamu, akaenda kuyakamata machicha moja baada ya jingine, akayakusanya mahali pamoja! Sijawahi kuona bidii kama hiyo.

Mke wangu akatazama lundo, akatazama mwiko, akaniuliza kama hilo silo alilolisema kaka yake. Nikamwambia nduguye asitafute sifa kwa jasho la Askari.

Jumamosi, 31 Machi

USHINDI! Baba mkwe alionja ya shemeji kwanza. Akafumba jicho moja. Imechacha. Kumbe Kipimo alikuwa analifungua dumu lake kila siku aipime, na kila alipofungua uchafu ukaingia. Kisha akaonja yangu. Akaonja tena. Akasema kijana, hii inateremka yenyewe. Miaka yote hii ukweni hajawahi kuniita kijana. Huwa ananiita huyu.

Ufunguo nimekabidhiwa mbele ya wageni. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na sioni aibu kuyasema. Nikatoa hotuba kuhusu Askari. Mafundi wa lifti walishangilia wima. Shemeji aliniuliza taratibu, bia ilikaa muda gani kabla sijafungua koki. Nikamjibu hiyo ni siri ya ufundi. Mke wangu akaninong'oneza kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamhakikishia kuwa sijaongeza maji hata kijiko.

Jumapili, 8 Aprili

Chumba changu! Sufuria mpya, kubwa mara mbili. Hopsi mara tatu. Nimefunga Askari wawili kwenye koki, nikawakaza kwa waya wa chuma ili safari hii wasitoroke zamu. Kukoroga sikukoroga. Kungoja sikungoja. Wenye ufundi hawangoji.

Baba mkwe ameleta wastaafu wenzake waje kumwona fundi. Wamepanga viti uani, kila mmoja na glasi yake, wanataka kuionja hata kabla haijachachuka. Nimefungua koki. Haitoki. Nimeigonga. Haitoki. Wazee wanaanza kukohoa.

Hata hivyo leo ni siku kubwa, kwa sababu kosa nimeligundua papo hapo. Askari wawili ni wachache. Nimemtuma baba mkwe dukani alete sita.