Paa wa Shingo Upande

Jumatatu, 3 Machi

Mama Watoto anatoka hospitali Jumamosi. Kaagiza kwa simu kwamba rafu ya sanamu zake za udongo nisiiguse, vumbi atafuta mwenyewe. Nikasema sawa, mke wangu. Kisha nikachukua kitambaa. Mume gani anampokea mgonjwa kwa vumbi? Nikafuta kiboko, nikafuta kobe, nikajisifu. Kujisifu ndiko kulikoniponza. Paa kaanguka. Miguu yote minne imekatika.

Kwa nini isiwe kobe? Paa tulimnunua kwa mfinyanzi wa njia panda, wiki ile tuliyooana. Shingo imepinda, sikio moja fupi. Mfinyanzi mwenyewe aliona haya, akamsihi mke wangu achague mwingine. Mama Watoto akasema huyu akiachwa hapa, nani atamchukua? Kisha akanitazama mimi, akacheka. Baba yake naye alikuwa amenikubali shingo upande. Tangu hapo, tukigombana, humgeuza paa aniangalie mpaka niombe radhi.

Jumanne, 4 Machi

Gundi. Miguu mitatu nimeibandika vizuri sana. Wa nne umenasa kwenye kidole changu. Shemeji, mdogo wake Mama Watoto, aliyekuja kunipikia, kauliza mbona nakula huku mkono mmoja uko mfukoni. Nikasema baridi. Akauliza mbona basi jasho linanitoka. Mwanamke yule hakosi neno. Jioni paa kasimama, kapiga magoti, kalala.

Jumatano, 5 Machi

Akili ni mali. Mfinyanzi wa njia panda bado yupo, na siku hizi ana simu. Lakini Shemeji ana masikio. Nikatuma ujumbe: naomba paa, rangi ya udongo, kabla ya Jumamosi. Akauliza kubwa au dogo. Nilicheka peke yangu. Mtu mzima hajui kwamba mnyama husemwa mkubwa au mdogo! Nikajibu dogo, la kukaa rafuni, nisimwaibishe.

Ijumaa, 7 Machi

Kifurushi kimefika. Nimekifungulia chooni. Ni paa kweli. La nyumba. Vigae vidogo vidogo vimepangwa kwa ustadi mkubwa. Nikampigia mfinyanzi kwa hasira ya kunong'ona. Akasema kwa upole kwamba yeye siku hizi anaishi kwa vigae, mtu akitaka paa humpa paa. Shemeji kagonga, kauliza kama tumbo linanisumbua. Nikasema ndiyo. Kanipikia uji usio na sukari, nimeunywa wote.

Kugombezwa siogopi, nimezoea. Naogopa Mama Watoto atakaponyamaza. Kapasuliwa goti, na kila nilipomtembelea wodini swali lake la kwanza lilikuwa, paa hajambo? Nampenda sana yule mama, na sijui nimwambie nini.

Jumamosi, 8 Machi

Kaja. Hata hajakaa, kaangalia rafu, akakuta paa la vigae mahali pa paa wake. Nikamwambia paa yumo ndani, amelala. Akaliinua lile paa. Kweli alikuwa amelala, juu ya pamba, miguu kando. Nikakosa pa kukimbilia, nikasimulia yote, hadi sarufi.

Hakunyamaza. Alicheka mpaka akashika goti, akalia kidogo, akasema hata yeye siku hizi kusimama ni shida, basi wauguzwe pamoja. Akamfunika paa kwa paa lake. Kisha akanishika mkono, akaomba jambo moja tu: nikivunja tena, nimwambie mwenyewe, siku hiyo hiyo. Nikaapa. Shemeji alikuwa anasikiliza, kwa hiyo ni kiapo cha kweli.

Jumapili, 9 Machi

Nimefuta vumbi kidogo tu. Kiwiko kikateleza. Ndege tuliyemnunua mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa hana kichwa. Mama Watoto amejipumzisha, na mgonjwa hasumbuliwi. Nimemwandikia mfinyanzi, na safari hii nimetumia neno lisilo na utata: ndege. Kauliza ndogo au kubwa. Maskini, bado na sarufi yake. Nimemjibu ndogo.