Friji la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Kikao cha asubuhi. Mkurugenzi katangaza kanuni mpya. Zawadi yoyote anayoleta mtu wa nje kwa mfanyakazi, hata kalenda, iwekwe kwenye meza ya mapokezi. Mwisho wa mwezi tunachezeshwa bahati nasibu, sote. Sote! Mpaka watu wa masjala, ambao hakuna muuzaji hata mmoja anayejua kama wapo duniani.

Mimi ni afisa manunuzi. Kila balbu ya jengo hili imepita mikononi mwangu. Sasa nisubiri kura pamoja na dereva.

Nimepiga makofi kuliko wote. Lazima. Mkuu wetu wa manunuzi anastaafu mwezi huu na kiti chake kitakuwa changu au cha Malaika. Malaika ni jina nililompa mwenzangu wa meza ya jirani. Aliwahi kumrudishia muuzaji mwavuli huku mvua inanyesha. Akaloa mpaka soksi, na wajinga wakamsifu.

Jumanne, 5 Machi

Kaja Bwana Viti. Anataka zabuni ya viti vya ukumbi mpya. Kaleta kiti cha mfano, nimekikalia, kinalia. Si neno. Ukumbini watu huja kusikiliza hotuba, sio viti.

Akaniuliza anikumbuke vipi. Nikamweleza habari ya meza ya mapokezi. Akasikitika kama aliyefiwa.

Ndipo akili yangu ikafanya kazi yake. Nimeisoma kanuni mara mbili. Inamtaja mfanyakazi. Mkwe haimtaji popote! Hivi ndivyo watu wanavyoandika kanuni bila kufikiri.

Nikamdokeza Bwana Viti kwamba mama mkwe wangu ni mjane, na maziwa yanamharibikia kila siku. Akasema hata yeye ana mama. Tukaelewana.

Mpango wenyewe ni huu. Friji la milango miwili linakwenda kwa mama mkwe. Nyumba yake ni ndogo na anaishi peke yake. Baada ya wiki chache litamchosha, nami nitajitolea kubadilishana naye, nimpe letu dogo. Atanishukuru. Mikono yangu haijagusa kitu.

Alhamisi, 7 Machi

Friji limefika kwake. Kidogo nikwame kwenye jambo dogo: nimwambie limetoka wapi? Nikisema nimenunua mimi, mke wangu atauliza kwa fedha ipi, na kwa nini mama yake kabla yake. Nikimtaja Bwana Viti, maneno yatakuwa mengi. Nikasema ofisi imemkumbuka. Fupi, safi.

Mama mkwe kapiga simu. Anauliza ni ofisi gani hiyo yenye utu namna hii. Nikamwambia ni ya kawaida tu, asijisumbue.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kuliona friji langu. Linang'aa. Lilikataa kupita mlango wa jikoni, kwa hiyo limekaa sebuleni, na makochi yamesukumwa ukutani kulipisha. Majirani wanaingia kulisalimu. Ndani mna jagi la maji na nyanya mbili.

Nikagusia kwamba mafriji makubwa yanakula umeme. Mama mkwe akasema atauzima usiku. Nikagusia kwamba sebule imebanwa. Akasema wageni watajua kuna mahali mkwewe anaheshimiwa.

Muda wote huo alikuwa anafuma kitambaa, vidole haviachi. Sikuuliza cha nini. Wanawake wa umri wake lazima wafume.

Jumatatu, 11 Machi

Kamati ya zabuni. Nimevisifu viti vya Bwana Viti mpaka mwenyewe nikaamini. Malaika akaenda kukikalia kile cha mfano. Kikatoa mlio. Akajisogeza, kikalia tena. Wote wakanigeukia. Nikasema ni ugeni tu, kitazoea.

Hata hivyo kamati inaelekea kwangu. Mkurugenzi kasema anapenda mtu anayetetea hoja yake. Malaika karudi kwenye kiti chake. Maskini! Nimeshaanza kufikiria ofisi ile ya mkuu, yenye dirisha la upande wa kivuli.

Jumanne, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa nne niliitwa mapokezi. Nikamkuta mama mkwe, kavaa nguo yake ya harusi za watu, na dada yake mkubwa pembeni, naye kapendeza. Wamekuja kumshukuru mkubwa wa ofisi. Nikasema Mkurugenzi kasafiri. Mkurugenzi akatoka ofisini kwake.

Mama mkwe hakuketi. Alishukuru amesimama, kwa sauti ya mtu anayetaka hata walio ghorofani wasikie. Akalisifu friji, milango yote miwili. Akasema tangu mumewe afariki hakuna aliyemkumbuka hivi.

Mkurugenzi akamwuliza kwa upole ni friji gani hilo. Mama mkwe akadhani anafanyiwa unyenyekevu. Akaeleza: lile lililoletwa na gari lenye picha ya kiti ubavuni, na vijana wake wana adabu sana.

Angekuwa mtu mwingine ningemkata kauli. Mkurugenzi mwenyewe nimeshamkatiza zaidi ya mara moja. Lakini mama mkwe anakatizwaje? Nilisimama mikono nyuma, natazama viatu vyangu, huku ananimaliza kwa baraka.

Kisha akatoa kile kitambaa alichokuwa anakifuma. Cha meza ya Mkurugenzi. Asingeweza kuja kwa watu mkono mtupu, akasema. Na Malaika, kwa ile sauti yake ya kanisani, akakumbusha kwamba kwa mujibu wa kanuni, kitambaa nacho kiwekwe kwenye meza ya mapokezi. Mkurugenzi akakiweka mwenyewe.

Wageni walipoondoka, nikaulizwa swali moja tu. Nilijibu kwa dakika nyingi. Halikusaidia.

Ijumaa, 15 Machi

Bwana Viti katolewa kwenye zabuni. Hapokei simu zangu, kana kwamba mimi ndiye niliyemchorea kiti ubavuni mwa gari. Malaika kapewa ukuu wa manunuzi. Nimepewa onyo na kuhamishwa.

Jioni nikaenda kwa mama mkwe. Sebule tupu; habari zilimfikia kabla yangu. Alikodi gari kwa fedha yake akalirudisha friji kwa Bwana Viti, mchana kweupe, majirani wote mlangoni. Niliposema amefanya haraka, akaniambia taratibu kwamba aliutangazia mtaa mzima kuwa mkwewe anafanya kazi na watu wema, na sasa ni mtaa huohuo anaopita kwenda dukani.

Akanikaribisha chai. Akaniita bwana. Miaka yote ameniita mwanangu. Liliniuma, sifichi. Liliniuma kuliko ile ofisi ya kivulini.

Mke wangu hasemi nami. Chakula anakiweka mezani kama anamwekea mpangaji.

Jumatatu, 18 Machi

Kitengo kipya: usafi na bustani. Ofisi iko nyuma, karibu na mapipa. Nilidhani hapa hakuna mtu atakayenijali. Nilikosea. Kabla ya saa tano kaja muuzaji wa sabuni. Kanisalimu kwa mikono miwili. Kauliza afya yangu, kisha akauliza kama televisheni yangu bado inaonyesha vizuri.

Nimetafakari siku tatu mfululizo. Mimi si mtu wa kukimbia makosa yangu, na hapa palikuwa na kosa, kubwa, la wazi, ambalo mtoto mdogo angeliona. Nimelikubali. Halitarudiwa tena maishani mwangu.

Nilichagua mtu mwenye adabu.

Televisheni itapelekwa Jumatano kwa shemeji, kaka yake mke wangu. Alikula kwangu miaka miwili, na hajawahi kusema asante hata kwa maji.