Kifuniko cha Kitu Ambacho Sijanunua

Jumapili, 3 Machi

Jana nimekwenda tena mikono mitupu kwenye kundi letu la kuonyeshana vitu vipya. Mara ya pili mfululizo. Mwokaji alileta jiko la kuchomea nyama lenye kipimajoto mlangoni. Dereva wa lori alileta matairi mapya, bado yana vile vinyweleo vya mpira. Tukayanusa. Tukavivuta vinyweleo. Niliuliza maswali mpaka koo likakauka: yanavumilia kokoto? Kwa nini mfereji wa katikati umepinda? Nani aliyaona kabla yako akayaacha, na aliyaacha kwa nini? Hakuna raha duniani kama kuuliza juu ya kitu kipya cha mtu mwingine.

Ndipo Mwokaji, ambaye tunakutana uani kwake kila Jumamosi, akanikumbusha kanuni. Kwa upole, lakini niliona anafurahia. Anayekuja bure mara tatu anakuwa mtazamaji. Mtazamaji anakaa nyuma kwenye kreti la mikate na kupepea mkaa. Na haulizi. Hata kiletwe kitu chenye taa na vifungo saba, yeye mdomo gundi.

Mimi nisiulize. Afadhali waning'oe meno.

Kununua siwezi. Mke wangu amepiga marufuku tangu nilipoleta pampu ya kisima. Anasema kisima hatuna. Nilimweleza kwamba mtu hujiandaa. Hakujiandaa kunielewa.

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji amekuja dukani. Huyu ni kaka wa mke wangu, kinyozi, naye ni mtu wa Jumamosi kama mimi. Ana bure zake mbili vilevile, ila yeye hujitetea kwa mgongo. Leo mgongo umepona ghafla. Ameagiza kifuniko.

Kazi yetu mimi na mke wangu ni mapazia, lakini vifuniko vya kundi zima nashona mimi. Kanuni inaruhusu kitu kipya kikae kimefunikwa wiki moja, wenzako waulize na kukisia. Kugusa marufuku. Mwenye kitu anajibu ndiyo au siyo tu. Wiki ikiisha, unafunua.

Nimemwuliza ni kifuniko cha nini. Akasema nishone tu. Akataja vipimo: kimo usawa wa kitovu, upana mikono yangu miwili, na tundu juu la kuingiza ngumi. Nikauliza tundu la nini. Akasema la kupumulia. Kitu gani kinapumua? Nikauliza kama kinakula. Akaondoka akipiga mluzi.

Kazi nyingine zote zimelala. Nimechora vipimo vile kwenye karatasi, nimeuzungushia mto wa kochi, nimejifunika mwenyewe nikatoa ngumi juu. Mke wangu akapita akauliza kama naumwa. Nikamwambia bila shaka ni jiko la kuchomea, na tundu ni la bomba la moshi. Kubwa kuliko la Mwokaji! Akasema anamjua kaka yake tangu tumboni kwa mama yao, na hajawahi kumwona akinunua hata kiberiti. Wivu wa ndugu, huo.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata wazo wakati napinda pazia la mteja. Nikalipinda kinyumenyume kwa furaha.

Ni hivi. Wiki ya kwanza watu hawaonyeshwi kitu. Wanaonyeshwa kifuniko. Na vifuniko nani anashona?

Nina duara nne za chandarua, zile za waya mnene zinazoning'inizwa darini. Ukizipanga moja juu ya nyingine na kuzifunga kwa fimbo za mapazia, kisha ukavisha kitambaa kizito cha kijivu, mtu yeyote mwenye macho ataona matairi manne. Sitasema ni matairi. Sitasema neno. Wao ndio watasema, mimi nitajibu ndiyo au siyo, tena kweli tupu. Nisingependa kusema uongo mbele ya rafiki zangu.

Wiki inayofuata je? Hilo ni la wiki inayofuata.

Ijumaa, 8 Machi

Vifuniko vyote viwili vimekamilika. Changu kimetoka vizuri kuliko cha Shemeji. Nimekiwekea kamba ya kukaza chini na mshono maradufu, kama kitu cha maana. Mke wangu alikitazama sana. Akauliza ndani kuna nini. Nikasema duara. Akasema debe tupu haliachi kuvuma. Sikuona uhusiano.

Jumamosi, 9 Machi

Ushindi! Siku kubwa kuliko zote tangu tuanze.

Vitu viwili katikati ya ua, cha Shemeji na changu, vimefunikwa kama maharusi. Dereva alikizunguka changu mara kadhaa. Akauliza, ni cha mviringo? Ndiyo. Vipo vinne? Ndiyo. Vinaweza kuviringika? Ndiyo. Vizito? Siyo. Hapo Mwokaji akashika kidevu. Vimeshawahi kwenda juu juu, hewani? Ndiyo, nikajibu, maana vilikuwa darini. Dereva akanong'ona kwamba huenda ni matairi ya ndege.

Nilijisikia mrefu.

Kisha zamu ya Shemeji. Kinapata joto? Ndiyo, kikikaa juani. Akaambiwa ajibu ndiyo au siyo bila mikia. Kina miguu? Ndiyo. Nyama inaweza kuwekwa juu yake? Akafikiri, akasema ndiyo. Nikauliza mimi kama kinapumua kwa lile tundu. Akasema ndiyo, na jasho likamtoka. Basi nikajua ni jiko, tena la aina ambayo sijaiona. Roho ilinipanda juu. Nilitamani nilale kifudifudi nichungulie. Tuliitwa ndani kunywa chai, na mimi ndiye niliyetoka uani wa mwisho.

Tuliporudi Mwokaji na Dereva walikuwa wametutangulia, nao wana furaha ya ajabu. Waliuliza maswali mengine chungu nzima. Sijapata kuulizwa kwa upendo namna ile.

Jumanne, 12 Machi

Usingizi sina. Jumamosi natakiwa nifunue. Nimefikiria homa. Nimefikiria kusema zimeibwa. Nimefikiria kununua matairi kweli, nikamtazama mke wangu, nikaacha kufikiria.

Leo nikaenda kunyolewa na Shemeji ili nimpeleleze. Alipouweka wembe kooni nikamwuliza jiko lake lina kipimajoto. Mkono wake ukatikisika. Nami sikutikisika, kwa sababu ya wembe. Akauliza yeye: matairi yangu yanaingia kwenye pikipiki? Nikasema inategemea pikipiki. Akanipaka poda polepole. Mwishowe akasema, kama mtu anayeongea na kioo, kwamba yeye huona raha zaidi kubadilishana kuliko kufunua. Kitu kikishafunuliwa, alisema, utamu wake umekwisha. Mashemeji wa kweli wangebadilishana vikiwa vimefunikwa, kila mtu akafunue kwake.

Nilikaribia kumbusu. Anipe jiko, mimi nimpe duara za chandarua! Nikajikaza. Nikasema nitafikiri. Nikahesabu mpaka tano. Nikasema sawa.

Akakubali haraka mno, maskini. Hata nikamwonea huruma. Mjinga huyu ni mjomba wa wanangu.

Jumamosi, 16 Machi

Imefanyika. Tulitangaza mbele ya wote kwamba kwa ajili ya undugu tunabadilishana bila kufunua. Nilitegemea ugomvi, kanuni ni kanuni. Mwokaji akakohoa ndani ya kitambaa. Dereva akageukia ukuta, mabega yanacheza. Wakasema kanuni haikatazi. Dereva akajitolea kutupelekea mizigo kwa pikapu. Alibeba vyote kwa safari moja, kila kwapa kimoja. Ana nguvu mtu yule!

Nyumbani nikafunga mlango. Nikamwita mke wangu aje ashuhudie kwamba mumewe, bila kununua chochote, amepata jiko. Nikalegeza kamba. Nikavuta.

Stuli ya saluni isiyo na kikalio. Juu yake ndoo iliyotoboka. Juu ya ndoo, kata ya gazeti ya kuinua tundu.

Mke wangu alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja ili acheke salama. Akauliza nyama inawekwa upande gani. Akasema wengine huuziwa mbuzi kwenye gunia, mimi nimeuziwa gunia, tena nililoshona mwenyewe.

Nikatoka nikakabiliane naye uso kwa uso, Shemeji yule, laghai, mtu asiye na haya. Nilifika mpaka kwenye kona ya barabara. Hapo nikakumbuka alichokuta yeye.

Nikarudi.

Jumatatu, 18 Machi

Tumekutana mlangoni kwa fundi viatu. Hakukuwa na pa kukwepa. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akanishukuru kwa matairi. Akasema yanashika barabara vizuri ajabu. Nami nikamshukuru kwa jiko. Nikasema jana tumechoma mbavu, moshi hata kidogo. Akauliza mbavu ziliiva sawasawa. Nikasema pande zote. Nikamwuliza kuhusu kona. Akasema kwenye kona ndipo yanapopendeza.

Tulitazamana. Hakuna aliyepepesa macho.

Sasa hapa nyumbani nina shaka. Alisema kwa uhakika mno. Je, yawezekana kulikuwa na matairi mle? Nimepanda darini kuhakikisha. Duara nne hazipo, kwa hiyo ni zenyewe nilizompa. Hata hivyo ningependa kujua anaziendeshaje.

Jumamosi, 23 Machi

Siku mbaya. Niiandike tu.

Tulifika uani tukakuta jiko la Mwokaji halijawashwa. Nyama ipo mezani, imekolea chumvi na limau, nzi wanaizungukia. Mwokaji akasema leo tutachomea kwenye jiko langu, lile la Shemeji, Dereva yuko tayari kwenda kulichukua. Na kwa kuwa pikapu ina pancha, Dereva anaomba Shemeji amwazime tairi moja kati ya yale manne.

Nikasema jiko limepoa. Wakasema majiko yote huanza yakiwa yamepoa. Shemeji akasema matairi yamechoka. Dereva akauliza, ya wiki moja? Nikaingilia kumsaidia Shemeji, nikasema ni ya hewani, ardhi huyachosha. Naye akanisaidia, akasema jiko lile halipendi limau. Nikamtazama, akanitazama. Ndugu wa damu wasingeteteana hivyo.

Basi Mwokaji akaomba tukae. Akasema ile Jumamosi ya kwanza, tulipoenda kunywa chai, yeye alitoka kuchota maji akamwona kuku wake. Kuku aliingia chini ya kifuniko changu upande wa ukuta, akatokea upande wa mlango, bila kuinamisha kichwa. Kisha akaingia kwa Shemeji, huko akakawia, na kichwa kikachomoza kwenye tundu la juu. Akamwita Dereva aje aone. Hawakugusa chochote, kanuni ni kanuni. Ila walishikwa na hamu ya kujua sisi wawili tutafika wapi. Dereva akasema hajawahi kufurahia kununua kitu maishani mwake kama alivyofurahia vile ambavyo hatukununua.

Walicheka mpaka Mwokaji akaomba maji. Nilidhani hapo itaisha kwa kicheko, sisi ni marafiki. Lakini alipokwisha kunywa akaleta makreti mawili ya mikate, akayapanga nyuma, karibu na mkaa. Watazamaji. Mpaka tutakapoleta kitu cha kweli.

Tukakaa. Dereva akatoa kitu kwenye mfuko. Kifupi, cheusi, kina mkono wa kukunja, na alipouzungusha kikalia kama panzi. Nikafungua mdomo. Mwokaji akaniinulia kidole tu.

Kinalia kwa nini? Kinakunjika mpaka wapi? Ni cha gari au cha jikoni? Mwokaji yeye akauliza swali moja, tena la kijinga, kama kipo cha rangi nyingine. Maswali yangu yote yalikuwa pale kooni yanasukumana. Machozi yalinitoka. Nikasema ni moshi. Shemeji akapepea kwa nguvu zaidi ili uwe moshi kweli, na kwa hilo namshukuru.

Jumapili, 24 Machi

Nimezungumza na mke wangu kwa unyenyekevu. Amesema vizuri sana leo. Amesema rafiki hawaji kuona vitu, wanakuja kuonana. Amesema nikitaka kurudishiwa maswali yangu, nipeleke kitu kidogo cha kweli, hata mkasi mpya wa dukani, ananiruhusu kwa moyo mweupe. Mkasi tunauhitaji. Akasema ajabu ya kundi letu ni kwamba wangefurahia hata mkasi.

Ana hekima mke wangu. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia nimejifunza, na neno hilo lilikuwa la kweli tupu.

Mchana Shemeji akaja. Tukakaa mlangoni tukimkumbuka yule kuku. Shemeji akasema kosa letu lilikuwa hewa pale chini. Nikasema hata mimi nimeona. Kosa lilikuwa pindo. Laiti pindo lingegusa ardhi, na mawe yakashonewa ndani yake, kuku angepita wapi? Na uzito je, akauliza Shemeji. Nikamwambia mchanga. Mchanga ndani ya mifuko, hata Dereva atashika kiuno.

Akauliza nini kitakuwa ndani, safari hii.

Swali zuri. Mimi mwenyewe nina hamu ya kujua. Tumekata kitambaa tayari, ni kikubwa, kina matundu matatu. Nimetumia mkasi mpya. Unakata vizuri ajabu.